Wembe, Jani la Mgomba na Maji ya Mtungi

Jasho la Kyela halimsamehe mtu aliyetoka kunyolewa. Ukitoka Tukuyu kwenye ukungu ukashuka na basi kuelekea ziwani, sweta utalivua kabla hujafika tambarare, na ukiteremka stendi shati limeshagandamana na mgongo. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mashariki imesimama Milima ya Livingstone, kaskazini milima ya Rungwe, na chini yake joto na unyevu hutulia juu ya mashamba ya mpunga na kakao. Masika yakikolea, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufirio hufurika, na nguo inaweza kulala kambani usiku kucha isikauke. Ngozi iliyonyolewa asubuhi katika hewa hiyo, ikifika saa sita mchana imeshaloa chumvi. Inawasha. Mtu anajikuna, kola ya shati inamsugua, na baada ya siku mbili vipele vimejaa shingoni.

Nimeona vijana wanaofuga ndevu kwa sababu tu wanauogopa wembe. Nimeona walinzi na askari, ambao kazi haiwaruhusu kufuga, wenye shingo nyeusi iliyojaa vinundu, nao wamezoea kufunga kifungo cha juu ili watu wasione. Ni shida inayodharauliwa. Hakuna anayelazwa kwa vipele vya ndevu, kwa hiyo hakuna anayevizungumzia, na kila mwanamume hubaki na dawa yake aliyoambiwa na rafiki: huyu ndimu, yule spiriti, mwingine kitunguu swaumu.

Nimekuwa nikiwauliza wazee, vinyozi na watu wa hospitali kuhusu jambo hili tangu ndevu zangu za kwanza ziote. Kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba sisi wa ufukwe huu tumerithi majani ya wazee wetu, lakini namna yao ya kunyoa tumeiacha njiani. Jani bila ile namna halina nguvu nyingi.

Babu yangu mzaa mama hakuwa na kipele hata kimoja. Alikuwa mvuvi wa usipa na mbasa pande za Matema, na ndevu zake zilikuwa ngumu, zenye kujisokota, kama zangu. Sikumbuki kumwona akinyoa asubuhi. Alinyoa jioni, akishatoka kuoga ziwani, ngozi imelainika na jua limepoa. Aliketi kwenye kigoda nje ya nyumba, pembeni yake mtungi wa Wakisi uliojaa maji.

Mitungi hiyo inastahili maelezo, kwa sababu wengi wanaoinunua siku hizi huipeleka Mbeya au Dar es Salaam ikawe pambo la sebuleni. Hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Livingstone na maji, huchomwa kwa moto wa wazi, kisha husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema. Udongo uliochomwa hivyo hubaki na vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole hadi nje ya mtungi, upepo huyakausha, na kila yanapokauka huondoka na sehemu ya joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi ukiwekwa kivulini, maji yake huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Katika nchi ya joto isiyokuwa na barafu, hiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya ngozi iliyokwanguliwa, na ninaamini hadi leo ndiyo kubwa kuliko zote.

Babu alipaka sabuni akasubiri. Aliweza kusubiri muda wa kumaliza kisa kizima. Kisha wembe ulishuka kufuata nywele zinakoelekea, mashavuni kwenda chini, shingoni kwa kufuata mzunguko wa nywele zenyewe. Hakuvuta ngozi kwa mkono wa pili ili kuikaza, wala hakurudia mahali alipokwisha kupita. Alipomaliza kidevu chake hakikung'aa. Kilibaki na kivuli cheusi, na bibi alipomtania kwamba hajanyoa vizuri, alijibu kwamba ndevu anazinyoa, hazing'oi.

Halafu alinituma mgombani. Kwetu mgomba uko ukutani mwa nyumba, si safari. Alitaka jani la katikati, lile changa ambalo bado limejiviringisha na halijaguswa na vumbi wala upepo. Alilikunjua, akalisuuza kwa maji ya mtungi, akachana vipande, akavibandika kidevuni na shingoni. Akakaa hivyo akizungumza nasi, jani likipata joto analigeuza, likinyauka analitupa. Usiku ule hakupaka kitu kingine.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tabia ya mzee tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwaka 2003 madaktari wa India walichapisha matokeo ya kufunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba, yaliyotakaswa kwanza hospitalini. Waliyasifu kwa sababu ambazo babu angezitambua papo hapo: jani lina nta, kwa hiyo halinati kwenye kidonda, linapobanduliwa mgonjwa haumii, na bei yake ni karibu na bure. Kidevu kilichonyolewa si kidonda cha moto, lakini ni kidonda. Wembe haukati nywele peke yake. Unakwangua na tabaka la juu la ngozi, lile linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Babu alikitendea kidevu chake kama mtu anavyotendea jeraha: maji baridi, kitu laini, kupumzika, na kulala.

Sasa njoo saluni. Nitamzungumzia kinyozi mmoja wa karibu na stendi ya Kyela, kijana hodari, mkono mwepesi, ambaye nimekuwa mteja wake kwa miaka. Akimaliza kukunyoa na kukuchonga ndevu, alikuwa anamimina spiriti kwenye kiganja, anapiga makofi mawili, kisha anakupaka kuanzia sikio hadi sikio. Uso mzima unawaka. Mteja akikunja uso yeye anamwambia, "Vumilia kaka, ikiwasha ujue inafanya kazi."

Maneno hayo nimeyasikia Mbeya, Iringa na Dar es Salaam, na ninayapinga bila kuuma maneno. Kuwasha si kupona. Spiriti huua vijidudu vilivyo juu ya ngozi kwa muda mfupi, ni kweli, lakini hapo hapo inayeyusha mafuta ya asili ambayo ngozi ndiyo kwanza inahangaika kuyarudisha. Inaikausha, inaichokoza, na ngozi iliyochokozwa huvimba. Ikivimba, mdomo wa shimo la unywele huziba. Spiriti ni ya mashine na meno yake, ni ya kuzuia homa ya ini na maambukizi mengine yasihame kutoka kichwa cha mteja mmoja kwenda kwa mwingine, na huko naomba itumike kwa wingi kuliko inavyotumika. Kwenye kidevu haina kazi ya maana.

Imani hiyo ya dawa kali ndiyo iliyomletea mjomba wangu shida ya ndimu. Yeye alikuwa akinyoa alfajiri, anakata ndimu, anaisugua kidevuni na shingoni, kisha anaingia kwenye mtumbwi. Siku moja kidevu kilikuwa chekundu kikawaka. Siku iliyofuata yakatoka malengelenge. Baada ya hapo ikabaki rangi nyeusi iliyokoza, na michirizi myeusi ikishuka shingoni hadi kifuani. Watu walimwuliza kama amemwagikiwa na chai ya moto. Michirizi ile ilikuwa njia iliyopitwa na maji ya ndimu. Ilichukua miezi kufifia.

Ndani ya ndimu na limau, hasa kwenye ganda, mna kemikali ziitwazo furokumarini. Peke yake gizani hazina madhara makubwa kwa ngozi. Lakini zikipigwa na mionzi ya jua ya aina ya UVA, huanza kuunguza chembe za ngozi kana kwamba mtu amemwagiwa kitu cha moto. Madhara hayaonekani palepale, huja baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana mjomba hakuishuku ndimu hata kidogo. Yeye aliwalaumu wadudu. Na huku kwetu, ambako jua hupiga kutoka juu na tena kutoka majini linapoakisiwa, mvuvi aliyepaka ndimu hana pa kujificha. Sijui mmea mwingine unaopakwa usoni kwa wingi kama huu na unaostahili kuachwa haraka kama huu.

Kitunguu swaumu nacho ni vivyo hivyo, kikibandikwa kibichi kinaunguza ngozi hata bila jua. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinacholainisha nyama sufuriani. Kwenye ngozi iliyokwanguliwa kinaendelea na kazi hiyo hiyo. Nadhani hapo panatosha.

Ili kuelewa kwa nini hata jani zuri hushindwa, inabidi kuuangalia unywele wenyewe. Mwaka 1956 madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliandika makala iliyoeleza vipele hivi kwa undani. Unywele wetu hutoka ngozini ukiwa umepinda. Ukikatwa, ncha yake inakuwa kali kama mkuki mdogo, na unapoendelea kukua hupinda na kurudi kuichoma ngozi ileile ulikotoka. Mwili unauona kama mwiba, unaushambulia, na kipele kinazaliwa. Pia kuna njia ya pili: mtu akivuta ngozi wakati wa kunyoa, au akinyoa kwa kupandisha, unywele hukatwa chini ya uso wa ngozi, na unapokua unatoboa ukuta wa shimo lake kutoka ndani. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa wanaume wenye asili ya Afrika zimekuta tatizo hili kwa asilimia 45 hadi 83 kati yao. Si uchafu, basi, wala si "damu chafu" kama wanavyosema mtaani. Ni umbo la unywele kukutana na wembe unaokata chini mno.

Mtu akishalijua hilo anaona kwamba kivuli cheusi cha babu kilikuwa na maana. Unywele uliobaki hata milimita moja juu ya ngozi hupata nafasi ndogo ya kurudi ndani. Na mtu mwenye vipele vibaya akiacha kunyoa kwa mwezi hivi, nywele nyingi zilizonaswa hujichomoa zenyewe kwa kurefuka tu. Hakuna jani linaloweza kumshinda mwezi huo mmoja. Jani hupooza, hupunguza wekundu na mwasho, huisaidia ngozi kufunga. Halinyooshi unywele.

Basi ndani ya mipaka hiyo nitayataja ninayoyaamini.

Mshubiri kwanza. Siku hizi kila nyumba inao, mara nyingi ile Aloe vera ya miche inayouzwa kwenye vikopo, lakini katika nchi yetu iko mishubiri ya porini ya aina nyingi, yenye madoa na miiba, na watu huichanganya. Tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kata jani la mshubiri ulisimamishe: kwanza hutoka maji ya njano, machungu, yanayokaa chini tu ya ganda. Hayo ndiyo shubiri yenyewe, ambayo wazee walimpa mtu mwenye tumbo gumu kwa kipimo na kwa hofu, na ambayo mama huipaka titi anapomwachisha mtoto kunyonya. Kwenye ngozi iliyonyolewa maji hayo huwasha na kwa baadhi ya watu huleta upele mpya. Kinachotuliza ni ute mweupe wa katikati, na katika mishubiri mingi ya porini ute huo ni kidogo na maji ya njano ni mengi.

Kwa hiyo mtu akiniambia alovera imemdhuru, huwa namwuliza alivyolikata. Akisema alivunja ncha akajipaka palepale, nimeshapata jibu. Jani linakatwa kwenye shina, linasimamishwa kwenye bakuli hadi njano yote ishuke, linaoshwa, ganda linamenywa, ute unaoshwa tena. Unapakwa ukiwa umepoa, kwa kidole kisafi, na unaobaki hautunzwi kwa wiki nzima kwenye kikombe dirishani, kwa sababu katika joto la Kyela huoza upesi na ute uliooza ni chakula cha bakteria. Kuchimba mishubiri ya porini na kuiuza nako sikushauri. Biashara ya kimataifa ya mishubiri imewekewa masharti na mkataba wa CITES, na Aloe vera ya kupandwa pekee ndiyo iliyoachwa nje ya masharti hayo.

Chai ni dawa ambayo watu wa Rungwe na Kyela wameikalia bila kuitambua. Mashamba yake yako juu yetu kule Katumba na Mwakaleli, na kila jikoni lina pakiti. Chemsha majani, iwe kavu, bila sukari wala maziwa, iache ipoe kabisa, loweka kitambaa safi, kigandamize kidevuni kwa dakika chache. Tanini iliyomo hukaza ngozi na kupunguza maji yanayovuja kwenye mikwaruzo. Majani ya mpera yaliyochemshwa yana kazi hiyo hiyo na hata ladha yake kali mdomoni inatoka kwenye tanini. Nimeitumia chai mara nyingi nikiwa safarini, kwenye nyumba za wageni ambako hakuna mgomba wala mtungi.

Mwarobaini umekuwa na sifa nyingi hadi unadhulumiwa. Maji yaliyochemshwa kwa majani yake, yakipoa, yanafaa kuoshea shingo yenye vipele vilivyoanza kutoa usaha, kwani majani yana uwezo wa kupunguza bakteria na fangasi. Lakini mafuta ya mbegu zake ni makali, na kuna wazazi wanaoyapaka kichwani mwa mtoto mchanga aliyenyolewa nywele za kwanza, hata kumnywesha. Mafuta hayo yamewahi kuwaua watoto wachanga walionyweshwa. Kichwa cha mtoto kinatosheka na maji safi ya vuguvugu na kitambaa laini.

Halafu mafuta. Pwani ya bahari wana nazi na liwa iliyosagwa juu ya jiwe. Sisi tuna michikichi. Nyama ya tunda hutoa mawese mekundu, ambayo yakipakwa usoni hukuacha na rangi ya chungwa na shati limeharibika. Kokwa likivunjwa na kukamuliwa hutoa mafuta ya mise, na hayo kwa undani wake ni ndugu wa mafuta ya nazi: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Bibi alikuwa akiwapaka watu mafuta hayo kwenye miguu iliyopasuka na vichwa vilivyonyolewa. Ni mafuta mazuri, lakini nimejifunza kuyapa siku. Yakipakwa mara tu baada ya wembe, katika joto letu, yanachanganyika na jasho na kuziba mashimo ya nywele. Yakipakwa kesho yake, tone moja, ngozi ikishajifunga, yanailainisha vizuri na kuzuia isikakamae.

Siagi ya kakao ninaizungumza kwa uchungu kidogo. Kyela inatoa sehemu kubwa ya kakao yote ya Tanzania. Tunaivunja, tunaichachusha chini ya majani ya mgomba, tunaianika, tunaipeleka mnadani. Punje iliyokauka ina mafuta karibu nusu ya uzito wake, na mafuta hayo huturudia kutoka ng'ambo kwenye vikopo vya losheni vyenye picha ya kakao, tunavinunua dukani hatua chache kutoka kwenye mashamba. Huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34 hivi, ndiyo maana mchana wa Novemba kopo lake Kyela hugeuka mafuta ya maji. Kwa viwiko na miguu haina mpinzani. Kwa shingo yenye vipele ni nzito mno, inafunika kilichonaswa. Natamani siku moja wakulima wetu waikamue wenyewe, lakini hata siku hiyo ikifika sitaisifia kwa kazi isiyo yake.

Dawa yoyote kati ya hizi ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, mtu asubiri siku nzima. Kuwa ya asili hakuizuii kumkataa mtu.

Wako watakaoniambia kwamba watu hawabadiliki, kwamba kinyozi ni kinyozi na kijana anataka kidevu king'ae. Hapo huwa nawakumbusha misiba. Kwetu, matanga yakimalizika, wafiwa hunyolewa vichwa. Nilipokuwa mtoto, mama mmoja mzee alishika wembe, na wembe huo ulipita kichwa baada ya kichwa, kutoka kwa mjane hadi kwa mjukuu wa mwisho. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeuliza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ugonjwa ukafika mpakani kwetu na kuzika wengi. Wauguzi na viongozi wa dini walisema kwenye misiba ileile, mbele ya majeneza, kwamba wembe usishirikiwe. Leo ndoo ya maji inaletwa, na pakiti ya nyembe inakaa pembeni, kila mfiwa na wake. Heshima kwa marehemu haikupungua. Akina mama walewale wanaoshika desturi kwa mikono miwili ndio waliolibadilisha jambo hilo, kwa sababu walielezwa sababu yake.

Kwa hiyo nilimweleza na kinyozi wangu sababu. Nilimchorea unywele uliopinda kwenye karatasi, nikamwonyesha namna unavyorudi ngozini. Alinyamaza, akauliza maswali mazuri kuliko niliyotegemea: mashine akiinua kidogo, mteja atasema hajanyolewa? Na mwenye kinundu kikubwa kisogoni, ambacho kila akinyolewa kinakua? Kuhusu hicho nilimwambia asikiguse, wala asimshauri mtu kupaka jani. Kovu linalokua kupita jeraha ni kazi ya hospitali, na siku hizi wataalamu wa ngozi wako karibu kuliko zamani, kwa kuwa kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi, pale KCMC, mwaka 1992 kimesomesha maofisa waliotawanyika katika hospitali nyingi. Hali kadhalika mwenye usaha mwingi, homa, au shingo iliyovimba. Na anayetaka kuondoa weusi kwa krimu za kuchubua zenye zebaki au haidrokwinoni, zilizopigwa marufuku nchini na bado zinauzwa chini ya meza, huyo aambiwe wazi kwamba anaongeza jeraha la pili juu ya la kwanza.

Kinyozi alianza na wateja waliokuwa na vipele tayari. Mashine anaiinua, hapandishi, harudii. Spiriti inaenda kwenye meno ya mashine, mbele ya macho ya mteja. Kidevuni anaweka taulo dogo lililoloweshwa maji ya mtungi, kwa kuwa umeme ukikatika friji ya jirani haina msaada. Baadhi ya wateja walilalamika kwamba hawahisi kitu, kwamba wamenyolewa nusu. Wengine walirudi na kusema shingo imetulia. Anawaambia wenye ratiba nyepesi waje jioni badala ya asubuhi, na wachache wanamsikia.

Mara ya mwisho nilipopita alitaka kupanda mshubiri nyuma ya saluni, na akanililia kwamba miche miwili imeshaoza mizizi kwenye mvua. Udongo wa Kyela ni wa mpunga, unashika maji, na mshubiri hautaki kusimama majini. Nilimwambia atafute mtungi wa Wakisi uliopasuka, wenye ufa chini wa kupitishia maji, aujaze mchanga wa ziwani na samadi kidogo, auweke chini ya mapaa mahali penye jua la asubuhi. "Ndaga fijo, kaka," akanishukuru, kisha akaniuliza jani moja litatosha wateja wangapi. Nilimwambia inategemea ukubwa, lakini kabla ya kuhesabu wateja ajifunze kwanza kuisubiri ile njano ishuke yote.